Mtoto Hurudia Kile Kinachomlipa

  Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama unanyonyesha, endelea tu, lakini sogeza redio karibu. Leo hatuzungumzii malaria wala chanjo. Tunazungumzia tabia ya mtoto: kwa nini anafanya anayoyafanya, kwa nini anarudia jambo ulilomkataza mara kumi, na kwa nini kofi ulilompiga jana halikusaidia kitu leo.

Twende kwanza dukani. Tuseme umefuatana na mtoto wa miaka 3, mnakwenda kununua unga. Mtoto anaona peremende ndani ya chupa. Anaomba. Unamwambia hapana. Anaanza kulia. Unamwambia tena hapana, safari hii kwa sauti. Anajitupa chini, kiatu huku, kofia kule. Watu waliopanga foleni wanageuka kutazama. Unaona haya. Unatoa shilingi 5, unampa peremende, ananyamaza papo hapo. Mnarudi nyumbani.

Sasa jiulize, mama: pale dukani nani amemfundisha nani? Mtoto amejifunza kwamba "hapana" ya kwanza haina maana, ya pili pia haina maana, lakini kujitupa chini kunaleta peremende. Na wewe umejifunza kwamba ukitoa peremende, kelele na aibu vinakwisha. Nyote wawili mmelipwa. Yeye amelipwa peremende, wewe umelipwa utulivu. Na kwa kuwa mmelipwa, mkirudi dukani mtafanya vivyo hivyo, ila mtoto atajitupa chini mapema zaidi, kwa sababu ameijua njia ya mkato.

Jambo hili limechunguzwa kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1898, huko Marekani, mtaalamu aliyeitwa Edward Thorndike aliandika juu ya paka wenye njaa aliowafungia ndani ya masanduku, chakula akakiweka nje. Paka alikwaruza, akauma, akasukuma hapa na pale, mpaka kwa bahati akagusa kamba au kitasa kilichofungua mlango. Aliporudishwa sandukuni tena na tena, ile mikwaruzo isiyo na faida ilipungua, na kile kitendo kilichofungua mlango akakifanya upesi zaidi. Baadaye Mmarekani mwingine, B. F. Skinner, aliyeishi kuanzia 1904 hadi 1990, alilichunguza jambo hilohilo kwa miaka mingi akitumia panya na njiwa. Walichokiona ni kwamba kitendo kinachofuatiwa na faida hurudiwa, na kisichofuatiwa na faida hufifia.

Mtoto wako si panya wala paka. Ana akili, ana moyo, na anakupenda. Lakini kwa jambo hili moja sisi binadamu, wakubwa kwa wadogo, hatuko mbali sana na hao wanyama. Hata wewe mwenyewe, duka linalokupunjia hurudi huko, na lile linalokuongezea nyanya moja juu ya fungu unapita mengine yote ukilitafuta.

Wataalamu wa saikolojia wana maneno mawili ambayo ni vizuri tuyaelewe. La kwanza ni kuimarisha. Kuimarisha tabia ni kufanya irudiwe. Unaweza kuimarisha kwa kutoa kitu kizuri, kama sifa, tabasamu, chakula au kucheza na mtoto. Unaweza pia kuimarisha kwa kuondoa kitu kibaya. Mtoto mchanga akilia ukamweka titini, kilio kinaisha. Ile nafuu unayoipata ndiyo inayokufanya umnyonyeshe upesi mara nyingine. Hapo mtoto ndiye aliyeimarisha tabia yako.

Neno la pili ni adhabu. Hapa wengi wetu tunajidanganya. Sisi tukisema adhabu tunafikiria kiboko, mwiko, mkanda. Wataalamu wao hawaangalii kiboko, wanaangalia matokeo. Kwao, adhabu ni jambo lolote linalofuata tabia na kuifanya ipungue. Kama umempiga mtoto kwa ajili ya kosa lilelile Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na Jumapili amelirudia, basi kwa lugha yao hukumwadhibu. Ulimwumiza tu.

Na kuna wakati unadhani unaadhibu kumbe unaimarisha. Mchukulie mama mwenye kazi nyingi. Anafua, anapika, ana mtoto mchanga mgongoni. Yule mkubwa wa miaka 4 akikaa kimya na kucheza na vifuniko vya chupa, hakuna anayemtazama. Mama anashukuru Mungu kimyakimya na kuendelea kufua. Lakini mtoto akimwaga maji ya kufulia, mama anaacha kila kitu, anamgeukia, anamwita kwa jina lake lote, anamtazama usoni. Ndiyo, anamfokea. Lakini kwa mtoto mwenye kiu ya mama yake, kufokewa ni bora kuliko kutoonekana. Kesho atamwaga tena. Sisemi hivi kumlaumu mama huyo, kwa maana mikono yake ni miwili tu. Nasema ili tuone ni kitendo gani kilicholipwa, kucheza kimya au kumwaga maji.

Sasa tufike kwenye kofi lenyewe, maana najua wapo wanaosema: "Lakini mimi nikipiga, anaacha."

Ni kweli, anaacha. Anaacha kwa wakati ule, na hapo ndipo mtego ulipo. Kofi linamlipa anayepiga. Umechoka, mtoto anapiga kelele, unampiga, kelele inakatika. Nafuu hiyo inakuja papo kwa papo, na wewe, kama paka wa Thorndike, unakumbuka kilichofungua mlango. Kesho mkono wako utakuwa mwepesi zaidi. Mtaalamu mmoja wa Oregon, Marekani, Gerald Patterson, alizifuatilia familia majumbani mwao, na mwaka 1982 akatoa kitabu kuhusu jinsi mzazi na mtoto wanavyofundishana ukali. Mtoto anapandisha sauti mpaka mzazi ashindwe. Siku nyingine mzazi anapandisha ukali mpaka mtoto ashindwe. Kila anayeshinda amelipwa, na vita vinakua.

Kwa nini mtoto harekebiki? Skinner alifanya jaribio alilolieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938. Alikuwa na panya waliozoea kubonyeza kijiti ili wapate chakula. Akakikatiza chakula. Baadhi ya panya hao, katika dakika za mwanzo, kila walipobonyeza, kijiti kiliwarudia na kuwapiga kwenye nyayo, yaani kofi hasa. Panya hao walipunguza kubonyeza kwa kiasi kikubwa. Ukiangalia wakati ule utasema kofi limefanya kazi. Lakini kofi lilipokoma, walianza tena kubonyeza, na kufikia mwisho wa siku ya pili walikuwa wamebonyeza idadi sawa na wale ambao hawakupigwa hata mara moja. Kofi halikuifuta tabia. Liliisimamisha tu kwa muda.

Haki lazima isemwe: watafiti waliofuata walionyesha kwamba adhabu ikiwa kali sana, ikija papo hapo, na ikija kila mara bila kukosa, huweza kuizima tabia kwa muda mrefu. Hebu yapime masharti hayo ukiwa nyumbani. Kila mara, hata ukiwa shambani au sokoni? Papo hapo, au ni "ngoja baba yako arudi jioni"? Jioni ikifika mtoto amekwisha kufanya mambo mengine hamsini, pengine dakika ile ile alikuwa anamkimbilia baba kumpokea mfuko. Kinachoadhibiwa hapo ni kumpokea baba. Na kali sana maana yake nini kwa mwili wa mtoto wa miaka 4?

Ukali una tabia ya kupanda. Kofi la kwanza mtoto anashtuka. La kumi amelizoea, haliumi kama zamani, kwa hiyo unatumia mwiko. Mwiko nao anauzoea. Hivi ndivyo mtu asiye mkatili hata kidogo anavyojikuta ameshika waya wa umeme, au anamchoma mtoto vidole kwa ajili ya shilingi 20 zilizopotea mezani. Hospitalini majeraha hayo yanajulikana, na mara nyingi mzazi aliyemleta mtoto analia kuliko mtoto mwenyewe. Hakuamka asubuhi akikusudia kufika hapo. Alipanda ngazi moja moja.

Kwa mtoto mchanga hata ngazi moja ni nyingi. Usimtikise kamwe mtoto mchanga kwa sababu analia. Shingo yake haina nguvu na ubongo wake ni laini. Kutikiswa kwa hasira kunaweza kusababisha damu kuvuja ndani ya kichwa, akapofuka, akapata kifafa, au akafa. Ukiona umefika mwisho wa uvumilivu, mlaze chali mahali salama, toka nje ya mlango, vuta pumzi, mwite jirani. Kulia dakika chache hakutamdhuru.

Mwaka 2016, watafiti wawili Wamarekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, walikusanya tafiti 75 zilizohusu watoto 160,927. Hawakuangalia watoto waliojeruhiwa. Waliangalia kile ambacho wengi tunakiona cha kawaida: kupigwa matakoni kwa kiganja. Kupigwa kulikwenda pamoja na ugomvi zaidi, ukaidi zaidi, wasiwasi na huzuni, na uhusiano mbaya kati ya mtoto na mzazi. Hapakuonekana faida ya utiifu. Utauliza, huenda wale wakaidi ndio waliopigwa zaidi? Hilo nalo lipo. Lakini zipo tafiti zilizowafuata watoto kwa miaka, zikaanza kwa kupima ukaidi waliokuwa nao mwanzoni, na bado waliopigwa waliendelea kuharibika zaidi.

Hapa kwetu Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 juu ya utoto wao. Kati ya kila wanawake 100, 66 walisema walipata kupigwa au kuumizwa mwili kabla ya kutimiza miaka 18; kwa wanaume ni 73. Utafiti kama huo uliporudiwa mwaka 2019, idadi ilikuwa imeshuka hadi kama 39 kwa wanawake na 52 kwa wanaume. Kwa hiyo watu wanabadilika. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inasema mtu asiadhibiwe kwa kupigwa. Mtoto naye ni mtu.

(Muziki mfupi)

Najua methali ambayo baadhi yenu mnainong'ona sasa: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni methali nzuri sana na mimi naikubali. Lakini isikilize vizuri. Haisemi piga. Inasema usiogope kilio cha mtoto. Turudi pale dukani: kilio kile ndicho kilichotoa shilingi 5 mfukoni. Aliyechelea kilio alinunua peremende, naye analia mpaka leo kila akienda dukani.

Basi kwa mtoto wa dukani tufanye nini? Kabla hamjatoka nyumbani, mwambie: "Leo tunanunua unga na chumvi. Hatununui peremende. Wewe utanibebea chumvi." Mtoto aliyepewa kazi ana nafasi ndogo ya kulia. Akibeba chumvi vizuri, mwambie pale pale, mbele ya mwenye duka: "Asante kwa kunibebea chumvi." Akijitupa chini, hakikisha yuko mahali salama, hatajigonga wala hakuna gari, kisha usibishane, usifoke, usimbembeleze kwa kumpa kitu. Simama karibu naye, maliza kununua, mchukue mwende. Wanaotazama watazame. Akitulia, zungumza naye mara moja kwa upole, asije akadhani umemchukia.

Nisikilize kwa makini hapa, kwa maana akina mama wengi hukata tamaa mahali hapa. Siku ya kwanza utakapoacha kulipa, kilio hakitapungua. Kitapanda. Mtoto atalia kuliko alivyowahi kulia. Ni kama mtu anayebonyeza swichi ya taa iliyokuwa ikiwaka siku zote: isipowaka, haondoki, anabonyeza tena, anabonyeza kwa nguvu, ndipo anakata tamaa. Ukivumilia, kilio hushuka siku baada ya siku. Lakini ukishindwa siku ya tatu, kilio kikiwa juu kabisa, ukampa peremende, umefanya jambo baya kuliko kumpa siku ya kwanza. Umemfundisha kwamba kilio kikubwa zaidi ndicho kinacholipa.

Na ukilipa mara moja moja, leo hapana, kesho hapana, keshokutwa ndiyo, tabia hiyo inakuwa ngumu kung'oka kuliko ungelipa kila siku. Skinner aliliona hili kwa njiwa wake: waliopata chakula kwa kubahatisha walidonoa muda mrefu sana hata baada ya chakula kukoma. Ni nguvu ile ile inayomweka kijana kwenye mashine ya kamari. Hajui lini italipa, kwa hiyo haondoki. Ndiyo maana kama mama anakataa, nyanya anatoa, na msaidizi wa nyumbani anatoa ili amalize kupiga pasi, mtoto amepata mashine yake ya kamari. Kaeni chini, ninyi wakubwa wote wa nyumba hiyo, mkubaliane mambo mawili matatu tu. Na mkikubaliana, msemeni nyanya kwa heshima. Msimwaibishe mbele ya mtoto.

Kazi kubwa zaidi si kuzuia bali ni kulipa yale mazuri. Msake mtoto wakati anafanya vizuri. Akimwachia mdogo wake kikombe, sema: "Nimeona umemwachia mdogo wako kikombe." Usiseme tu "mtoto mzuri," maana hatajua uzuri wenyewe ni upi. Sema kitendo. Sema mara hiyo hiyo, usingoje usiku. Na mwambie cha kufanya, si cha kuacha tu. "Usikimbie" humwachia mtoto mawazo ya kukimbia. "Tembea, shika mkono wangu" anajua afanye nini. Ukimpiga kwa sababu amempiga ndugu yake, huku unasema "usipige," unadhani atafuata mdomo wako au mkono wako?

Je, makosa hayana matokeo? Yana. Amemwaga uji kwa makusudi, apewe kitambaa apanguse, hata kama wewe ungepangusa kwa haraka zaidi. Amemgonga mwenzake kwa gari la kuchezea, gari linawekwa juu ya kabati kwa muda mfupi, kisha linarudi ajaribu tena. Lisikae juu wiki nzima. Mtoto wa miaka 3 akifika kesho amesahau kwa nini liko huko. Lakini usimnyime chakula kama adhabu. Mwili unaokua unahitaji chakula siku ya kosa kama siku nyingine. Na usimwambie humpendi tena, hata kwa mzaha.

Zawadi nazo zina ubaya wake zikitumiwa ovyo. Mwaka 1973, katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, watafiti walichukua watoto waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri wakichora. Wiki moja au mbili baadaye, walipoachwa wacheze wapendavyo, wale walioahidiwa cheti walitumia kama nusu tu ya muda ambao wenzao waliutumia kuchora. Walikuwa wanachora kwa kupenda. Cheti kikageuza mchezo kuwa kibarua. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Kwa hiyo lile jambo ambalo mtoto analipenda mwenyewe, kama kusoma picha za kitabu au kukusaidia kuchambua sukuma, usilitie bei. Tosheka na kulifurahia pamoja naye.

Kuna mambo ambayo hayarekebishwi kwa zawadi wala kwa adhabu, kwa sababu si tabia. Mfano mkubwa ni kukojoa kitandani. Kati ya watoto 100 wenye miaka 5, kama 15 hivi bado wanakojoa usiku. Mtoto amelala fofofo. Hakuchagua. Kibofu chake na ubongo wake bado havijaelewana. Kumpiga, kumvika godoro kichwani, kumtembeza mbele ya majirani, yote hayo hayafundishi kibofu chochote. Yanamfundisha mtoto aibu. Kama unataka kusifu, sifu lile analoliweza: kwenda msalani kabla ya kulala, kukuambia asubuhi bila kuficha, kusaidia kutoa shuka. Usisifu kulala kukavu, maana hilo haliko mikononi mwake. Na kama alikuwa ameacha kwa miezi mingi kisha akaanza tena, au anasikia maumivu akikojoa, au ana kiu isiyoisha, mpeleke kituo cha afya apimwe.

Halafu kuna yule tunayesema: "Mtoto huyu hasikii." Mama, umewahi kufikiria kwamba huenda kweli hasikii? Mtoto mwenye usaha masikioni, au aliyezaliwa na upungufu wa kusikia, ataitwa mkaidi na kupigwa miaka kabla ya mtu kumpima. Simama nyuma yake asipokuona, mwite kwa sauti ya kawaida. Kama hageuki mara kwa mara, hiyo ni kazi ya kliniki, si ya kiboko. Vivyo hivyo yule anayeduwaa ghafla, macho yamekaza, haitiki kwa nukta chache, kisha anaendelea kama hakuna lililotokea: wengine huita dharau, kumbe inaweza kuwa aina ya kifafa.

Sasa maswali mawili ambayo akina mama huuliza sana.

La kwanza: "Nikimchukua mtoto mchanga kila akilia, si nitamdekeza?" Hapana. Hayo niliyosema juu ya kutolipa kilio ni ya mtoto anayeelewa maneno na ambaye shida yake ni peremende. Mtoto wa miezi 4 analia kwa sababu ya njaa, unyevu, joto, maumivu au upweke. Hana hila. Kilio ndiyo lugha yake pekee. Mwitikie.

La pili: "Mimi nimempiga wangu miaka yote, ana miaka 9 sasa. Nimechelewa?" Hujachelewa, lakini usitarajie miujiza ya wiki moja. Mtoto aliyezoea kiboko, kiboko kikiondoka, atajaribu mipaka kwanza, kama yule wa dukani. Mwambie wazi: "Nimeamua sitakupiga tena. Sheria za nyumba ziko pale pale." Ziwe chache, labda tatu, naye akiwa na miaka 9 anaweza kusaidia kuzitunga na kusema atakayezivunja afanyiwe nini. Mtashangaa, mara nyingi watoto hujipangia ukali kuliko wenu, na itabidi umpunguzie. Na chagua jambo moja la kuanza nalo, tuseme kuchelewa kurudi kutoka kuchota maji. Ukianza na mambo kumi, utarudi kwenye mwiko kabla ya Ijumaa.

Ukiona hasira zako zinakushinda, au unajua mtoto wa jirani anaumizwa, piga simu nambari 116. Ni ya Childline Kenya, hailipishwi, na inapokea mchana na usiku. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Unaweza pia kumwendea afisa wa watoto wa eneo lenu, au umwambie mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwenu.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya mtoto anayekataa kula. Andaeni maswali yenu. Kwaherini.